Kufuga klauni wa dizaini Dodoma: anza na maji, samaki baadaye

Maswali kuhusu kufuga klauni, samaki wadogo wa bahari, ni yale yale kila wiki. Dodoma hakuna bahari, itawezekana? Chumvi ya dukani inafaa? Lazima nimtafutie anemoni, yule mnyama laini wa baharini ambaye klauni hujificha ndani yake? Niweke wangapi? Majibu mafupi: inawezekana, haifai, si lazima, wawili. Majibu marefu ni haya hapa chini, yamepangwa kwa mfuatano wa kazi. Ukiruka hatua, utarudi kuuliza.

Ninaowazungumzia ni klauni waliozaliwa na kukuzwa kwenye matangi, wa aina ya Amphiprion ocellaris na Amphiprion percula. Hawa si wa pwani yetu. Ocellaris asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia. Percula ni wa pande za Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon. Sisi tunao wetu, kama Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, na ni vizuri wakabaki baharini. "Dizaini" ni samaki hao hao waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya rangi. Snowflake ana mistari myeupe yenye kingo zilizomeguka-meguka. Picasso mistari yake imepinda na kuungana. Black Ice ametokana na Snowflake na klauni mweusi wa Darwin, Australia. Utunzaji wao wote ni mmoja, na anayekwambia Snowflake anahitaji chakula au dawa yake maalumu ana kitu anataka kukuuzia.

Samaki mwenyewe hana shida. Amezoea tangi, amezoea chakula cha punje, na akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini. Kinachowashinda watu wa hapa ni maji: ya bomba ni magumu, hewa ni kavu, na tangi linapungua maji kila siku. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu haimtaji samaki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi la lita 100 hadi 150. Dogo zaidi linawezekana, lakini kosa dogo humo linakuwa kubwa.
- Meza ya chuma au mbao ngumu. Lita 120 za maji ni kilo 120 na ushee, bado hujaweka kioo, mawe na mchanga.
- Mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba ili kuondoa madini) yenye hatua ya mwisho ya DI (chujio linalonasa madini yaliyobaki), pamoja na kipima TDS, yaani kiasi cha madini yaliyoyeyuka majini.
- Chumvi ya akwariamu ya matumbawe.
- Rifraktomita, yaani kipima chumvi ya maji, na maji yake ya kuisahihishia ya kiwango cha 35.
- Hita ya wati 100 hadi 150, kipimajoto kingine cha pembeni, na feni ndogo ya kupuliza juu ya maji.
- Pampu mbili ndogo za mawimbi. Mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee.
- Vipimo vya matone vya amonia (sumu itokanayo na taka za samaki), nitriti, nitrati na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi).
- Taa ya LED ya matumbawe, kama utafuga matumbawe. Klauni peke yake hana habari na taa.
- Tangi la karantini la lita 30 au 40, lenye chujio la sponji na hita yake.
- Pampu ya hewa ya betri.

Skima, kifaa cha kutoa uchafu majini kwa povu, ni nzuri, ila kwa jozi moja ya klauni ndani ya lita 120 unaweza kuanza bila hiyo ukibadilisha maji kwa nidhamu. Fedha hiyo iweke kwenye RO.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali. Pasiwe na jua la dirishani, pasiwe karibu na jiko, na sakafu iwe sawasawa. Pima kwa pima maji ya fundi. Panga pia waya zote zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni. Mwite fundi umeme akufungie breka inayokata umeme ukivuja. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya kawaida, na mkono wako utakuwa humo kila wiki.

2. Pata tangi, ulijaribu nje. Fundi alumini na vioo anaweza kukutengenezea. Kwa tangi la urefu wa sentimita 90 na kimo cha 40, mwambie kioo cha milimita 8. Sisitiza silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu. Ikishakauka wiki nzima, lijaze maji ya bomba uani, mahali palipo sawa, liache siku mbili. Maji hayo usiyamwage, yatafaa kudekia.

3. Tengeneza maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Madini hayo ndiyo yatakayoingia tangini ukitumia bomba moja kwa moja, na pamoja nayo huenda kukawa na nitrati na mabaki ya klorini. Pitisha RO na DI hadi kipima TDS kisome 0.

Watu wengi hapa hufunga RO kwenye simtank halafu wanalalamika inatoa matone. Simtank iliyo juu ya mnara wa mita 4 inakupa presha ya takriban 0.4 bar. RO inataka 3 hadi 4. Nunua pampu ndogo ya kuongeza presha, la sivyo utando utachuja vibaya na kumwaga maji mengi bure. Hata ikifanya kazi vizuri, kila lita moja safi inaacha lita tatu au nne za taka. Zikinge kwenye ndoo: ni za chooni na za kudeki. Kwenye mchicha usizizoee, zina chumvi zaidi ya yale ya bomba.

Tengeneza akiba siku maji yanapotoka. Ratiba ya mgao haijui kwamba unafuga matumbawe, kwa hiyo uwe na angalau lita 60 za RO ndani ya madumu ya plastiki yaliyofunikwa. Maji ya mvua ya Dodoma ni machache, na yakipita kwenye bati yanabeba vumbi na zinki, yaache. Maji ya kunywa ya dukani yapime TDS kwanza: mengi yameongezwa madini.

4. Changanya chumvi. Chumvi ya mezani karibu yote ni kloridi ya sodiamu na imeongezwa madini joto. Haina kalsiamu, magnesiamu wala alkalini ya kutosha. Ya mawe ya sokoni vilevile. Kubeba maji ya bahari kutoka Dar, kilomita 450, ni kulipia usafiri wa uzito ambao utalazimika kuubeba tena mwezi ujao, na maji ya karibu na jiji si masafi.

Weka maji ya RO kwenye pipa la plastiki, washa pampu, ndipo umimine chumvi kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya chumvi, kalsiamu inaganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Anza na gramu 35 hadi 38 kwa lita, acha izunguke usiku kucha, kisha pima. Lengo ni 1.025 hadi 1.026, yaani sehemu 35 kwa elfu, maji yakiwa nyuzi 25 au 26. Isahihishe rifraktomita kila mwezi.

5. Weka mawe, mchanga, na usubiri. Tumia mawe makavu ya akwariamu. Usiende kuchukua mawe au matumbawe Mbudya au Bongoyo. Hayo ni maeneo tengefu ya bahari. Panga mawe kwenye kioo kwanza, mchanga baadaye, ili yasiporomoke.

Bakteria wa kubadili amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanahitaji muda na chakula. Weka bakteria wa chupa, kisha dondosha amonia safi isiyo na sabuni hadi kipimo kisome 2 (miligramu kwa lita). Pima kila baada ya siku mbili. Tangi liko tayari pale ambapo amonia ya 2 inatoweka ndani ya saa 24 na nitriti inasoma 0. Ni wiki tatu hadi sita, na kwenye baridi ya Juni na Julai inachelewa zaidi usipowasha hita. Usitumie samaki kuanzishia tangi. Kuna watu bado wanashauri hivyo. Ni ukatili, na samaki wa dizaini ni ghali.

6. Dhibiti joto na upungufu wa maji. Hapa ndipo Dodoma inatofautiana na maelekezo mengi utakayosoma, basi soma taratibu.

Lengo ni nyuzi 25 hadi 27, bila kupanda na kushuka sana. Usiku wa Juni hadi Agosti nyumba inapoa sana. Hita ni ya lazima, hata kama jirani atacheka kusikia unapasha maji moto Dodoma. Oktoba na Novemba mambo yanageuka, chumba kinaweza kupita nyuzi 30. Kabla hujawaza mashine ya kupoza, weka feni ipulize juu ya maji. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo maji yanavukizwa haraka na tangi linapoa nyuzi 3 au 4 bila shida. Mtu wa Dar, mwenye hewa yenye unyevu mwingi, hapati faida hiyo. Feni iunge kwenye kidhibiti joto kiiwashe kwenye 26.5.

Gharama yake unailipa kwa maji. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tuseme tangi la lita 120 linapoteza lita 3 kwa siku na wewe umekwenda Kondoa msibani siku tano. Umebakiwa na lita 105, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi 40 kwa elfu. Klauni anaweza kuvumilia, matumbawe mengi hayatafungua midomo. Kwa hiyo jazia kila siku kwa maji ya RO yasiyo na chumvi. Kosa la kwanza la wageni ni kujazia kwa maji ya chumvi. Chora mstari kwenye kioo kwa kalamu, na maji yasishuke chini yake. Ukiweza, nunua kifaa cha kujazia chenyewe, chenye ndoo ya lita 20 pembeni. Kwa hali ya hewa yetu, mimi nakiweka mbele ya skima na mbele ya taa ya bei mbaya.

Funika kwa wavu mwembamba, si kwa kioo kizima. Klauni huruka, na upepo wa kiangazi huleta vumbi. Lakini kioo kinazuia ubaridi na hewa.

7. Jiandae kwa umeme kukatika. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako maji hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Maji ya chumvi na ya uvuguvugu hubeba oksijeni pungufu zaidi ya hapo. Kwa hiyo umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku, cha kwanza kukosekana ni hewa. Joto linafuata saa nyingi baadaye. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ni ya lazima. Ukiwa na sola au inveta, unga pampu moja ya mawimbi humo, hita iache. Weka pia stabilaiza, kwa sababu umeme unaporudi huja na nguvu.

8. Chagua samaki. Nunua wawili wadogo wa aina moja, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Klauni wote huanza wakiwa madume. Mwenye nguvu zaidi hugeuka jike na kuwa mkubwa, mwenzake anabaki dume. Majike wawili waliokomaa watapigana hadi mmoja afe. Watatu pia hapana: wakishaoana wawili, wa tatu anasukumwa pembeni.

Kwa samaki wa dizaini, omba video ya samaki mwenyewe akila, usikubali picha ya mfano. Kwenye uzalishaji wa matangini hutokea vilema: kifuniko cha shavu kifupi kinachoacha matamvua ya kupumulia yaonekane, mdomo usiofunga, mgongo uliopinda. Watazame pande zote mbili. Rangi nyeusi mara nyingi huongezeka anavyokua, kwa hiyo usilipie zaidi kwa kuahidiwa weusi utakaokuja.

Kama unaagiza nje, kibali cha kuingiza samaki hai kinatoka upande wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na bahati nzuri makao yake yako hapa hapa Mtumba. Nenda uulize kabla ya kulipa. Matumbawe magumu yana sharti la ziada, yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kama unachukua Dar, mwulize muuzaji kiwango chake cha chumvi, fungasha kwa oksijeni ndani ya boksi la povu, na safiri jioni au alfajiri. Treni ya SGR, iliyofika Dodoma 2024, imefupisha safari kuwa karibu saa nne. Ulizia kwanza utaratibu wa kupanda na mzigo wa maji. Kwa basi, boksi likae miguuni pako, lisiingie kwenye buti.

9. Mpokee, umweke karantini. Punguza taa. Elesha mfuko dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Andaa karantini mapema iwe na chumvi sawa na ya muuzaji, kisha fungua mfuko, mnyanyue kwa kikombe, mwingize bila maji ya mfuko. Usianze kumdondoshea maji tone tone kwa saa mbili. Ndani ya mfuko uliosafiri muda mrefu kuna amonia. Ukiufungua, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia hiyo inakuwa sumu kali zaidi kadiri unavyochelewa.

Akae karantini wiki nne. Chumvi ipandishe taratibu kwa siku kadhaa hadi ilingane na tangi kubwa. Mpe kipande cha bomba la PVC ajifiche, pima amonia kila siku.

10. Waweke tangi kubwa, pamoja, siku moja. Mdogo akimtetemekea mkubwa, ubavu ukiwa umeinama, ndoa imekubalika.

11. Lisha. Mara mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Punje za milimita 0.5 hadi 1 ndizo msingi. Kamba mbichi wa baharini asiye na chumvi wala viungo, aliyesagwa na kugandishwa, ni nyongeza nzuri. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi usiwape.

12. Kila wiki. Badilisha lita 12 hadi 15, futa kioo, pima nitrati (chini ya miligramu 20 kwa lita) na alkalini (dKH 8 hadi 9). Basi.

13. Matumbawe na anemoni. Subiri miezi miwili au mitatu, kisha anza na matumbawe laini: uyoga, ngozi, zoa. Zoa wana sumu kali iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani unapowashika, na kamwe usichemshe jiwe lililowahi kuwa nao. Anemoni haihitajiki kabisa. Ukiitaka, subiri tangi lifike mwaka, uchague Entacmaea quadricolor, na ufunike pampu zote kwa wavu, maana anemoni hutembea. Hata hivyo klauni wako aliyezaliwa tangini anaweza kuipuuza na kulala kwenye kona ya hita.

Onyo moja zaidi kabla ya matatizo: dawa za kunyunyiza za mbu na mende zinaua samaki na kamba kwa kiasi kidogo sana. Zisipulizwe chumba chenye tangi, na mweleze kila mtu nyumbani, hasa dada wa kazi na fundi wa kupulizia dawa. Ikibidi nyumba ipulizwe, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa nailoni wakati wa kazi, fungua madirisha, kisha ondoa nailoni haraka.

Mambo yakienda kombo

*Maji yamekuwa meupe.* Kwenye tangi jipya ni bakteria au unga wa mchanga. Ongeza hewa, subiri siku mbili tatu. Ikitokea baada ya kuchanganya chumvi, umechanganya haraka.

*Utando wa kahawia kila mahali.* Kawaida ya miezi ya kwanza. Ukiendelea, pima TDS. Huenda DI imechoka.

*Samaki anapumua haraka.* Pima amonia na joto, ongeza hewa mara moja. Vyote vikiwa sawa, na ukiona vumbi laini la dhahabu mwilini huku akikaa kwenye mkondo wa pampu, huo ni ugonjwa wa Amyloodinium unaoua ndani ya siku chache. Karantini na dawa ya shaba siku hiyo hiyo.

*Madoa kama chembe za chumvi.* Cryptocaryon. Shaba karantini, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa na kupimwa kwa kipimo chake. Shaba isiingie kamwe kwenye tangi la matumbawe. Tangi kubwa likae bila samaki yeyote wiki 11.

*Ute mweupe, ngozi inachubuka.* Brooklynella, ugonjwa unaowapenda klauni. Unaenda kasi. Tiba ni formalini kwenye karantini yenye hewa nyingi. Fungua dirisha, vaa glavu, fuata kipimo cha lebo.

*Mkubwa anamchapa mdogo.* Kufukuzana kidogo ni kawaida. Mapezi yakichanika, mtie mkubwa ndani ya chombo chenye matundu humo humo tangini kwa wiki moja.

*Hataki kula.* Siku mbili za kwanza mwache. Baadaye jaribu kamba aliyesagwa. Akitoa kinyesi cheupe cha nyuzi na kukonda, tafuta dawa ya minyoo.

*Analala ubavu juu ya pampu usiku.* Ndivyo wanavyolala.

*Madoa meusi yametokea kwenye mistari myeupe.* Kama uliongeza matumbawe au anemoni karibuni na samaki anajisugua humo, ngozi yake inajibu kuchomwa. Hayaumi, na mara nyingi hupotea yenyewe baada ya wiki kadhaa. Usiweke dawa.